Namna ya Kutembea Bonde la Mto Ukielekea Chanzo

Wengi wakifika bondeni hufuata maji yanakokwenda. Mimi nashauri kinyume chake: anzia chini, asubuhi na mapema, upande taratibu kuelekea mto unakotoka. Sababu ni kadhaa, na zote zina faida kwa mtu anayetaka kuona viumbe na kuelewa ardhi.

Samaki husimama wakiutazama mkondo, kwa hiyo anayetoka chini huwajia kwa nyuma. Tope unalotibua linabaki nyuma yako, na maji yaliyo mbele yanaendelea kuwa safi. Alfajiri, ikiwa mbingu haina mawingu na hakuna dhoruba, hewa baridi ya milimani huteremka kufuata bonde. Upepo hukupiga usoni, na wanyama walio mbele hawapati harufu yako. Jua likishapasha miteremko, upepo hugeuka na kuanza kupanda bonde, mara nyingi saa zile zile unapoanza kurudi, hivyo unakupiga usoni tena. Mafuriko yakija yanatokea upande unaoutazama. Na ukichoka, njia ya kurudi ni mteremko.

Kuna hali moja ya kubadilisha mpango huu. Kama bonde lina viboko, mamba, tembo au nyati, kuwajia wanyama bila wao kukusikia wala kukunusa ni kujitafutia balaa. Huko usiende bila askari wa wanyamapori au mwongozaji anayeyajua maeneo hayo, na sauti za mazungumzo ziwe za kawaida.

1. Chagua kipande cha mto

Mto mzima ni kazi ya wiki nyingi. Wewe unahitaji kilomita tano au sita tu. Kwenye ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, tazama mistari hiyo inapokatiza mto: hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea chanzo. Mistari ikibanana pande zote mbili, hapo pana korongo jembamba. Ikiachana, pana uwanda wa mafuriko. Kipande kizuri kina vyote viwili, na angalau tawimto moja linaloingia njiani.

Muda ukadirie kwa kanuni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita sita zenye kupanda mita 300 zinakuwa kama saa moja na dakika 42. Hiyo ni hesabu ya mtu anayetembea bila kusimama. Anayetazama ndege na kupindua mawe azidishe mara tatu, na hata hapo ataona muda umembana.

Uliza pia ardhi ni ya nani. Njia ya kando ya mto inaweza kupita kwenye hifadhi, kwenye eneo la chanzo cha maji linalolindwa, au katikati ya shamba la mtu. Ruhusa huombwa kabla, si baada ya kukutwa.

2. Ulizia mvua ya huko juu

Hili ndilo jambo moja ninalosisitiza kuliko mengine yote. Mvua inayoua watu mtoni mara nyingi haijanyesha pale walipo. Imenyesha kilomita nyingi juu, wao wakiwa juani. Kwa hiyo angalia utabiri wa hali ya hewa wa eneo zima linaloingiza maji mtoni, na uangalie pia jana yake kulikuwaje.

Ukiwa njiani, dalili ni hizi: maji safi yanageuka ghafla kuwa ya rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, mlio wa mto unabadilika kuwa mzito, jiwe uliloliona kavu sasa limezama. Dalili moja inatosha. Panda mteremko mara moja, usikimbie kufuata bonde, kwa maana maji yatakupita. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kubeba magari mengi. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu inayokusukuma huongezeka mara nne.

3. Cha kubeba

Viatu vilivyozoea miguu yako, fimbo imara inayokufika kifuani, maji ya kunywa ya kutosha, firimbi, vifaa vya huduma ya kwanza, darubini, lenzi ya mkono, sahani nyeupe ya plastiki na daftari. Andika kwa penseli, maana wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka ukilowa. Maji ya mto usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatibu, hata yakiwa meupe kama kioo.

4. Pata mahali pa juu kabla hujashuka

Kabla ya kuufikia mto, tafuta mahali palipoinuka, kaa dakika kumi, utazame umbo la bonde. Bonde lenye kuta zinazokutana chini kwa ncha limechongwa na maji. Bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama, hasa milima mirefu au nchi za baridi, huenda liliwahi kujaa barafu iliyokuwa ikisogea. Ukiona kijito kidogo katikati ya bonde kubwa mno, shuku kwamba si hicho kilicholichimba.

Tazama kando pia. Je, kuna ngazi bapa, moja juu ya nyingine, kwenye mteremko? Kila ngazi ni uwanda wa zamani wa mafuriko ambao mto uliuacha ulipochimba zaidi. Kwa kawaida ya juu ndiyo kongwe. Chimbua kidogo ukingoni mwa ngazi iliyo juu sana, unaweza kukuta kokoto za mviringo mahali ambapo leo maji hayafiki kabisa.

Halafu angalia matawimto yanavyoingia. Mwaka 1802 John Playfair, profesa wa Edinburgh, aliandika kuhusu jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona bila kulijali: matawimto mengi hukutana na mto mkubwa kwenye kimo kimoja, bila kuanguka. Kama mabonde yangekuwa nyufa zilizopasuka tu, ingekuwa bahati ya ajabu yote yalingane hivyo. Yamelingana kwa sababu kila mto umejichimbia bonde lake. Pasipolingana, ambapo tawimto linaanguka kutoka ukutani kama Maporomoko ya Bridalveil kule Yosemite, Marekani, barafu ililichimba bonde kuu kwa haraka kuliko la pembeni.

5. Simama kwenye kona

Ukishafika mtoni, usihangaike na sehemu zilizonyooka. Mambo yako kwenye kona. Mto unapopinda, maji ya juu yana kasi kuliko ya chini, kwa kuwa ya chini yanasuguana na sakafu. Yale ya juu hutupwa upande wa nje, yanagonga ukingo na kuzama, kisha yanarudi chini kwa chini kuelekea upande wa ndani yakiburuta mchanga. Albert Einstein aliandika makala fupi juu ya jambo hili mwaka 1926, akalieleza kwa kikombe cha chai: ukikoroga, majani hayakimbilii pembeni, hukusanyika katikati chini. Ni mzunguko ule ule.

Matokeo yake unayaona kwa macho. Upande wa nje wa kona kuna genge lililosimama na kina kirefu. Upande wa ndani kuna ufukwe wa mchanga na maji ya kina kifupi. Kila mwaka genge linaliwa kidogo na ufukwe unakua kidogo, na kona yenyewe inazidi kupinda. Zikipinda mno, kona mbili hukaribiana hadi mafuriko yakakata njia ya mkato, na kipande kilichoachwa hubaki kuwa ziwa dogo la umbo la upinde. Ukikuta dimbwi la namna hiyo limejaa matete mbali na mto, umesimama kando ya mto wa zamani.

Jaribu na hesabu. Kwenye mto unaopinda kwa uhuru kwenye ardhi laini, umbali kutoka kona moja hadi nyingine ya upande ule ule, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, mara nyingi ni kati ya mara 10 na 14 ya upana wa mto. Kwa hiyo mto wa mita 8 utaelekea kurudia mzunguko wake kila mita 80 hadi 110 hivi. Hesabu hatua zako. Ikikataa kabisa, tafuta kilichoubana mto: mwamba, daraja, ukuta wa zege.

Kuna mito iliyopinda hivi ndani ya mwamba mgumu, jambo linaloshangaza mwanzoni. Mto San Juan katika jimbo la Utah, Marekani, umejichimbia kona zake kwa kina cha takriban mita 300. Maelezo ni kwamba ulianza kupinda ukiwa kwenye ardhi tambarare, kisha nchi ikainuka polepole nao ukaendelea kuchimba ndani ya njia ile ile.

Sasa, usisimame kwenye mdomo wa genge. Chini yake mara nyingi pameliwa, na kinachokubeba ni mizizi na udongo mwembamba. Litazame ukiwa ng'ambo, upande wa ufukwe. Kuna sababu nyingine nzuri ya kukaa huko: magenge ya udongo laini ndiyo makazi ya mdiria na keremkerem, ambao huchimba mashimo marefu ya kutagia mayai. Tundu lenye alama za kucha au kinyesi cheupe mdomoni linatumika. Kaa mbali ya kutosha ndege aendelee kuingia na kutoka bila wasiwasi. Akitua na chakula mdomoni huku anakutazama wala haingii, uko karibu mno, rudi nyuma.

6. Okota jiwe

Kwenye ufukwe wa kona, inama. Wanajiolojia hugawanya mashapo kwa ukubwa, na kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Chester Wentworth cha mwaka 1922: mchanga huishia milimita 2, kuanzia 64 hadi 256 ni mawe ya kujaza mkono, zaidi ya 256 ni jabali. Huna haja ya kukariri vyote. Pima tu jiwe kubwa kuliko yote lililolala huru kwenye ufukwe. Mafuriko makubwa ya karibuni yalikuwa na nguvu ya kulisogeza hilo, na ukilitazama vizuri hutatamani kuwapo siku ile.

Tazama mawe bapa yalivyolala. Utakuta yameegemeana, kila moja limeshuka upande wa chanzo na kuinuka upande maji yanakokwenda, kwa sababu ndivyo maji yanavyoshindwa kuyainua. Hata kwenye bonde lililokauka miaka mingi, mpangilio huo unakuonyesha maji yalikuwa yakielekea wapi.

Kisha tafuta jiwe la kigeni. Kati ya mia moja ya kijivu, kuna moja jekundu, au lenye mistari, au jeupe linalong'aa. Limetoka wapi? Hapa ndipo kupanda na mto kunakolipa. Kila ukipita makutano na tawimto, angalia kokoto tena, upande wa juu na upande wa chini wa makutano. Mahali ambapo yale mekundu yanatoweka, tawimto ulilolipita ndilo lililoyaleta. Mawe yenye pembe kali hayajasafiri mbali. Yaliyolainika yamegongana safari ndefu. Kuna watu wanaoona mchezo huu ni wa kitoto, lakini watafuta madini wametumia njia hiyo hiyo kufuatilia dhahabu hadi kwenye mwamba wake.

Kwenye mwamba ulio wazi unaweza kukuta mashimo ya duara, laini ndani, mengine ya kina cha kumfika mtu kiunoni. Yamekerezwa na kokoto zilizozungushwa na maji mahali pamoja kwa muda mrefu. Mara nyingi kokoto zenyewe bado zimo.

7. Pindua jiwe, kisha lirudishe

Hapa tahadhari kwanza. Kwenye nchi zenye kichocho, usiingize mikono wala miguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Vimelea hutoka kwenye konokono hao na kupenya ngozi, hasa saa za mchana. Tumia glavu ndefu, au ridhika na kutazama. Ukiwa na mchubuko, kumbuka pia homa ya mgunda, ambayo hutokana na mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji na tope.

Palipo salama, chagua jiwe la ukubwa wa mkono kwenye maji yanayokimbia juu ya kokoto. Liinue, usuuze upande wake wa chini ndani ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Subiri. Vinavyoanza kutembea vitakuambia hali ya mto kuliko rangi ya maji.

Lava (watoto wa wadudu) wenye mikia mitatu myembamba na vijani vinavyopepea kando ya tumbo, lava bapa wenye mikia miwili wanaong'ang'ania jiwe, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti: hawa wanahitaji maji yenye oksijeni nyingi. Ukiwapata wa aina zote tatu, mto uko vizuri. Ukipata tu lava wekundu kama nyuzi, wekundu kwa sababu ya hemoglobini inayowasaidia kuishi penye oksijeni haba, na minyoo kwenye tope jeusi linalonuka, kuna uchafu unaoingia mahali fulani. Rudia jaribio juu ya kila tawimto na kila bomba, utakaribia kupajua.

Lava wa kereng'ende ndiye simba wa sahani hiyo. Mdomo wake wa chini umejikunja chini ya kichwa, na huufyatua mbele kunasa windo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Usimweke pamoja na wengine kwa muda mrefu. Ukimaliza, rudisha viumbe na jiwe pale pale, upande ule ule chini.

8. Mimea hukuonyesha maji yalipofika

Inua macho kwenye matawi. Nyasi kavu, vijiti na mifuko ya plastiki iliyonasa juu ya kichwa chako ni kipimo cha mafuriko ya mwisho. Kama unafikiria kulala bondeni, hema liwe juu ya mstari huo, tena mbali.

Mimea nayo hujipanga kwa umbali kutoka majini: matete na mafunjo miguu ikiwa ndani, kisha vichaka vinavyoinama bila kuvunjika, kisha miti mikubwa yenye mizizi inayoshika ukingo, kama mikuyu kwenye mito mingi ya Afrika. Ukipata mkuyu wenye matunda, sahau kutembea kwa nusu saa. Maua yake yamefichwa ndani ya tunda, na huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaoingia kupitia tundu la kwenye ncha. Tumbili, popo, ndege na samaki wote hula pale, wa juu wakiangusha na wa chini wakiokota.

Gugu maji, lenye maua ya zambarau na asili ya Amerika Kusini, hupendeza kwenye picha. Likifunika maji huzuia mwanga, na samaki hukosa hewa.

9. Soma tope

Tope laini la ufukwe, asubuhi kabla jua halijalikausha, ni mahali pa kumjua aliyepita usiku. Nyayo za paka wa porini kwa kawaida hazina alama za kucha; za mbwa na mbweha zinazo. Fisi maji huacha kinyesi juu ya jiwe lililoinuka, kimejaa magamba ya kaa au miiba ya samaki, kwa kuwa anataka wenzake wakikute. Kiboko ana vidole vinne, na njia yake ina mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati. Ukiiona njia hiyo mbichi, ondoka juu yake, wala usikae kati ya kiboko na maji. Alama ya tumbo lililoburutwa kuteremka majini, yenye nyayo pembeni, ni ya mamba, na huo ndio mwisho wa matembezi ya ukingoni siku hiyo.

10. Kuvuka

Jibu la kwanza ni usivuke, tafuta daraja. Ikibidi, chagua sehemu pana na iliyonyooka, maji yanapotawanyika na kuwa ya kina kifupi. Kona ina kina upande mmoja, na juu ya maporomoko hapana nafasi ya kukosea. Tupa kijiti uone kasi: kikikupita ukitembea haraka, acha. Maji yakivuka goti nayo yanakimbia, acha pia. Baki na viatu, fungua mikanda ya mkoba ya kifua na kiuno, elekea mkondo, fimbo ikiwa mguu wa tatu, usogee kwa upande hatua moja moja. Mito inayotoka kwenye theluji au barafu huwa na maji machache alfajiri na mengi alasiri; ukivuka asubuhi, fikiria utarudi vipi.

11. Kurudi

Andika kabla hujaondoka: tarehe, saa, hali ya hewa, kimo cha maji ukilinganisha na jiwe au nguzo isiyosogea, na ulichokiona upande upi. Ukingo wa kulia ni ule ulio kuliani kwako ukitazama maji yanakokwenda, hata kama wewe ulikuwa unapanda. Picha za viumbe unaweza kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wengine hukusaidia kuvitambua, ila ficha mahali halisi palipo na viota au mimea adimu.

Nyumbani, jikague kupe nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya ngozi. Viatu viondolewe tope lote, visuguliwe, kisha vianikwe vikauke kabisa kabla ya kuvipeleka kwenye mto mwingine. Mbegu za magugu husafiri kwenye nyayo, na pia kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, anayeua vyura katika mabara mengi, huhamishwa na unyevunyevu wa namna hiyo. Ukavu humuua.